Mwani Usioogopa Jua

Kipimajoto kilisoma nyuzi 74 za Selisiasi pale maji yalipokuwa yakichomoza mwambani, na hapo jiwe lilikuwa jeupe, tupu, kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Nilikuwa nimechutama kando ya mfereji mmoja wa chemchemi za maji moto katika bonde la mto Songwe, magharibi mwa jiji la Mbeya, nikiushusha uzi wa kipimajoto kidogo kidogo kuufuata mkondo. Hatua mbili chini, maji yalipofika nyuzi 65, jiwe lilianza kuvaa utando mwembamba wa kijani cha kuelekea buluu. Hatua nne mbele, kwenye nyuzi 52, utando ulikuwa mnene kama ukoko wa wali, wa rangi ya machungwa kwa juu na kijani kilichokolea kwa chini, na nilipoubandua kwa ncha ya kisu ulitoka kipande kizima. Mbali zaidi, mfereji ulipokwisha kupoa hadi nyuzi 38, zilianza nyuzinyuzi za kijani kibichi zilizokuwa zikipepea ndani ya maji kama nywele.

Niliupuuza ule mwani wa nywele. Nilijaza mirija yangu kwa ukoko wa machungwa na utando wa buluu, kwa sababu nilikuwa na hakika kwamba anayetafuta mwani unaostahimili joto hana budi kuutafuta palipo na joto kali zaidi. Hoja hiyo ilikuwa imenyooka kiasi kwamba sikuihoji hata mara moja, na nilirudi Dar es Salaam kwa basi la usiku nikiwa nimekumbatia kasha la mirija kama mtu aliyebeba mayai.

Inafaa nieleze nilichokuwa nikikitafuta, yaani mwani wa kutengenezea mafuta ya gari, na kwa nini. Kwa sisi tuliokulia pwani ya mashariki ya Unguja, neno mwani halina uhusiano wowote na mafuta ya gari. Mwani ni kamba, vijiti na migongo inayouma. Shangazi yangu amelima mwani Jambiani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, miaka michache baada ya kilimo hicho kuanza kibiashara Zanzibar mwaka 1989, na kila bamvua, maji yakishatoka, alikuwa akishuka na wenzake kufunga mbegu na kuvuna. Walilima aina mbili, spinosamu na kotonii, na kotonii ndio uliokuwa na bei nzuri. Ndio pia uliotangulia kukataa. Nikiwa bado shuleni, matawi yake yalianza kugeuka meupe, yakalainika na kukatika kwenye kamba, msimu mmoja hapa na msimu mwingine pale, mpaka wakulima wengi wakabaki na spinosamu ambao unavumilia lakini malipo yake ni duni. Watafiti walitaja mambo kadhaa, na mojawapo ni maji ya kina kifupi kuwa ya moto kupita kiasi ambacho mmea ule unakiweza. Shangazi hakuwa na kipimajoto. Alinionyesha tawi moja jeupe na kusema, "Mwanangu, maji yanaunguza siku hizi," kisha akalitupa.

Mwani ninaoushughulikia mimi ni jamaa wa mbali sana wa ule wa shangazi. Ni mwani mdogo usioonekana kwa macho mpaka kwa hadubini, ambao seli zake mia moja zikipangwa mstari mmoja kwa kawaida hazifiki milimita moja, na ambao sote tunaujua kwa jina la utelezi wa kijani ndani ya tangi, kwenye ndoo iliyosahauliwa nje, au kwenye mfereji usio na kifuniko. Seli hiyo moja hufanya kazi zote za mti: hunasa mwanga, hunywa hewa ya ukaa, hujenga mwili. Baadhi ya mbegu zake (nitatumia neno mbegu kama wanavyolitumia wakulima wa mwani, kwa maana ya ukoo mmoja unaooteshwa) huweka akiba yao katika umbo la mafuta, na zikinyimwa naitrojeni huweza kujaza robo ya uzito wao mkavu, na wakati mwingine nusu. Mafuta hayo ni ya jamii ileile ya mafuta ya alizeti au ya mawese. Ukiyachanganya na methanoli pamoja na kichocheo kama kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni, kila kilo 100 za mafuta zitahitaji methanoli kilo 11 hivi na kukupa takribani kilo 100 za bayodizeli, yaani dizeli itokanayo na viumbe hai, na kilo 10 za gliseroli. Kemia hiyo ni ya zamani na haina fumbo. Fumbo liko kwenye kuyapata mafuta yenyewe kwa wingi na kwa bei inayobebeka.

Wasomaji wa umri wangu wataikumbuka mibono. Katikati ya miaka ya 2000, mbono kaburi, ule mmea wa kuzungushia makaburi na mazizi, ulitangazwa kuwa ndio kisima kipya cha mafuta cha Tanzania. Ardhi ilitolewa, vijiji vilisubiri ajira, na miaka michache baadaye mashamba kadhaa yalikuwa yametelekezwa huku ardhi ikiwa haijarudi kwa wenyewe. Wakati huohuo wa mibono, mwaka 2007, Yusuf Chisti, wa Chuo Kikuu cha Massey nchini New Zealand, alipochapisha makadirio yake kwamba hekta moja ya mbono hutoa lita 1,892 za mafuta kwa mwaka, mchikichi lita 5,950, na mwani mdogo wenye mafuta asilimia 30 lita 58,700, takwimu hizo zilisambaa duniani kama habari ya mgodi. Mimi mwenyewe nilizikariri. Nilichochelewa kukitilia maanani ni kwamba zilikuwa hesabu zilizojengwa juu ya mavuno ya kiwango ambacho mabwawa machache sana yamewahi kukishika kwa mwaka mzima, na kwamba miongoni mwa mambo yanayokwamisha mabwawa hayo ni joto.

Usanisinuru hugeuza asilimia chache tu ya nishati ya jua kuwa mwili wa mwani. Sehemu kubwa ya iliyobaki huishia kuwa joto ndani ya maji. Bwawa la wazi hujipoza lenyewe kwa kupoteza mvuke, jambo ambalo si zuri sana mahali ambapo maji hununuliwa kwa ndoo, lakini angalau halichemki. Mirija ya kioo au ya plastiki ya kuoteshea mwani, ambayo wengi huipenda kwa sababu huzuia uchafu na wadudu walao mwani, haina mvuke wa kuipoza. Ikiachwa juani mchana wa nchi za joto, maji yake huweza kupita nyuzi 45. Hapo mwenye kiwanda ana njia mbili. Ama ainyunyizie maji na kuzungusha mitambo ya kupoza, na kwa kufanya hivyo atumie nishati ili apate nishati, ama atafute mwani ambao joto hilo haliuhangaishi. Ndiyo sababu ustahimilivu wa joto, ambao kwa mbali unaonekana kama jambo la kuwafurahisha wanabaolojia tu, ni suala la fedha.

Ndani ya seli, joto huvunja mambo kwa mpangilio. Kinachotangulia kulegea ni ule mtambo unaopasua maji kwa nguvu ya mwanga. Halafu kimeng'enya kinachonasa hewa ya ukaa huanza kukosea na kunasa oksijeni mara nyingi zaidi, na kosa hilo huigharimu seli kaboni iliyokwisha kuipata. Mbaya zaidi, hewa ya ukaa yenyewe hupungua ndani ya maji kadiri yanavyopata moto: lita moja ya maji ya nyuzi 20 iliyo chini ya hewa ya ukaa tupu huyeyusha gramu 1.7 hivi, lakini kwa nyuzi 40 huyeyusha gramu 1 tu. Mwani unaodumu juani lazima uwe na jibu la matatizo yote matatu kwa wakati mmoja.

Sasa nirudi kwenye kasha langu la Songwe. Kosa la kwanza ni langu mwenyewe na linanitia aibu hadi leo. Nilipofika stendi ya Mbeya nilinunua barafu na kuipanga kuzunguka mirija, kama mtu anayesafirisha samaki, kwa sababu nilifundishwa kwamba sampuli huhifadhiwa kwenye baridi. Viumbe waliozaliwa kwenye nyuzi 52 walisafiri usiku kucha katika nyuzi 4. Nusu ya mirija haikuota chochote. Nusu nyingine ilitoa, baada ya wiki tatu kwenye kabati la kuoteshea lililowekwa nyuzi 50, mawingu mazuri ya kijani cha buluu ambayo niliyapiga picha na kuwatumia watu wote niliowafahamu.

Hayakuwa na mafuta. Niliyakausha, nikayasaga, nikayaloweka kwenye mchanganyiko wa klorofomu na methanoli mpaka chumba kizima kikanuka kama hospitali ya zamani, nikavukiza kimiminika, nikapima kilichobaki chini ya chupa. Kilikuwa rangi na mafuta kidogo ya utando wa seli, basi. Mwalimu wangu, ambaye alikuwa amesubiri kwa subira nifike hapo mwenyewe, aliniuliza swali moja tu: "Hivi ulipeleka hadubini huko Songwe, au ulipeleka kipimajoto peke yake?"

Jibu lilikuwa kwenye vitabu tangu zamani. Thomas Brock, mwanabaolojia wa Marekani aliyeanza kuchunguza chemchemi za Yellowstone katika miaka ya 1960, alionyesha kwamba usanisinuru hukoma kwenye nyuzi 73 hivi, na kwamba wanaoufanya karibu na kikomo hicho wote ni sayanobakteria, yaani bakteria wa kijani cha buluu wanaoishi kwa mwanga. Viumbe wa usanisinuru wenye kiini halisi cha seli, ambamo mwani wa kijani umo, hawavuki nyuzi 57 hivi, na wale wachache wanaokaribia hapo ni mwani wa ajabu unaoishi kwenye maji makali ya asidi. Sayanobakteria, pamoja na spirulina ambayo flamingo wa Bogoria na Nakuru huinywa kwa midomo yao iliyopinda, kwa kawaida hawaweki akiba ya mafuta. Akiba yao ni wanga wa aina ya glaikojeni. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimesafiri hadi Mbeya kukusanya, kwa uangalifu mkubwa, viumbe walewale wasioweza kunipa nilichokitaka, na nikauacha ukipepea kwenye nyuzi 38 ule mwani wa kijani ambao angalau ulikuwa wa kabila ninalolitafuta.

Lakini hata hilo halikuwa kosa kubwa kuliko yote. Chemchemi ya maji moto haibadiliki. Kiumbe aliyezoea nyuzi 50 usiku na mchana, masika na kiangazi, hajawahi kudaiwa kuvumilia mabadiliko, na ukimweka kwenye bwawa la Dar es Salaam ambalo alfajiri lina nyuzi 25 atakaa kama aliyepigwa ganzi mpaka saa nne asubuhi, huku mwani wa kienyeji ulioingia kwa vumbi na kinyesi cha ndege ukila mbolea yake. Bwawa la kweli lina joto la mchana na baridi ya usiku, na anayelimiliki ni yule anayeziweza zote mbili.

Wamarekani walilijifunza hilo kwa gharama. Kati ya mwaka 1978 na 1996, wizara yao ya nishati iliendesha mpango wa kutafuta mafuta kwenye mwani uliotumia takribani dola milioni 25. Walikusanya mbegu zaidi ya 3,000, kutoka pwani, maziwa ya chumvi na madimbwi ya jangwani, wakazichuja hadi kubaki na kama 300, na mwishoni wakajenga mabwawa mawili ya mita za mraba 1,000 kila moja huko Roswell, katika jimbo la New Mexico. Kulikuwa na siku ambazo mavuno yalifika gramu 50 kwa kila mita ya mraba, idadi ya kumfanya mtu aote ndoto. Siku hizo hazikukaa. Roswell ni jangwa la nyanda za juu, jua lake ni kali lakini usiku wake ni wa baridi, na ilikuwa baridi hiyo, wala si ukosefu wa jua, iliyoyashusha mavuno ya mwaka. Ripoti yao ya kufunga mpango, iliyotoka mwaka 1998, inasomeka vizuri kuliko riwaya nyingi, na jambo moja lililonikaa humo ni kwamba mbegu iliyochaguliwa maabara kwa sifa zake mara nyingi ilishindwa na mwani wa mahali hapo uliojileta wenyewe.

Na kuna kisa kingine cha zamani zaidi ambacho laiti ningekisoma kabla ya kukata tiketi ya basi. Mwaka 1953 Constantine Sorokin na Jack Myers, wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, walitangaza kwamba wamepata Chlorella, mwani mdogo wa kijani, inayopenda joto, ambayo hukua vizuri kuliko pote kwenye nyuzi 38 au 39, wakati ndugu zake waliokuwa wakitumiwa maabara wakati huo walipendelea nyuzi 25. Kwa joto hilo, na mwanga wa kutosha, iliweza kujigawa zaidi ya mara nane kwa siku. Mwaka 1965 ilipewa jina la aina yake yenyewe, Chlorella sorokiniana, na mpaka leo hutajwa katika tafiti nyingi za mafuta ya mwani. Hawakuitoa kwenye chemchemi ya moto. Waliitoa kwenye kijito kinachopita katika eneo la chuo chao, mahali ambapo maji ni ya kina kifupi na kiangazi cha Texas hakina huruma.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Sinza, kwenye nyumba ya ghorofa moja yenye paa bapa la zege. Juu kulikuwa na tangi la maji ambalo boya lake lilikuwa limeharibika, kwa hiyo kila pampu ilipowashwa maji yalifurika na kutuama kwenye kona ya paa, kina cha vidole vinne, kijani kama mchuzi wa mlenda. Nilikuwa nikilipita dimbwi hilo kila nilipokwenda kuanika nguo. Siku moja, nikiwa na kipimajoto mfukoni kwa sababu zisizohusiana nalo, nilikitumbukiza. Ilikuwa saa nane mchana, mwezi wa Februari. Nyuzi 42.

Nililipima kwa siku kumi, kila baada ya saa tatu, hata usiku. Saa kumi na moja alfajiri lilikuwa nyuzi 25. Saa nne asubuhi lilikwisha kuvuka 33, saa nane lilikuwa kati ya 41 na 43, magharibi likashuka tena. Mama mwenye nyumba alinifuma usiku wa tatu nimeinama na tochi mdomoni, akaniuliza, "Mwanangu, kwani hilo dimbwi lina homa?" Nilimweleza kwa adabu na kwa urefu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kesho atamwita fundi azibe tangi, maana bili ya maji imemchosha. Nilimwomba anipe wiki moja.

Kazi ya kutenga mbegu haina ushujaa wowote. Unachukua tone la maji, unalichora kwa kitanzi cha waya juu ya agari iliyoganda kwenye sahani, mstari juu ya mstari, ili seli zitawanyike mpaka kila moja iwe peke yake. (Agari nayo hutokana na mwani, mwekundu wa baharini, nilipomwambia shangazi kwamba tunafuga mwani juu ya mwani alicheka sana.) Baada ya siku kumi vinatokea vidoa vya kijani vidogo kama kichwa cha pini. Unachagua kimoja, unakichora upya kwenye sahani nyingine, na unarudia mpaka uhakikishe hakuna bakteria wala ukungu uliojibanza humo. Umeme hukatika na unaanza upya. Katika dimbwi la Sinza nilipata vidoa 19 vilivyofaa, na nikavipa majina ya P1 hadi P19, P ikiwa ni paa.

Safari hii sikuvijaribu kwenye joto moja. Nililipanga kabati la kuoteshea lifuate dimbwi: saa za mchana nyuzi 42, saa za usiku 25, taa zikiwaka na kuzimika kwa ratiba. Vidoa sita viligeuka njano ndani ya wiki moja na kufa. Vinane viliishi kwa kujikokota. Vitano vilikua kana kwamba hakuna kilichotokea, na hivyo ndivyo nilivyovinyima naitrojeni ili nione kama vina akiba.

Kuna rangi inayoitwa nyekundu ya Nile ambayo hunata kwenye mafuta na kung'aa ukiimulika kwa mwanga wa buluu. Nilitia tone lake kwenye P7, nikasubiri dakika kumi, nikazima taa ya chumba na kuinama kwenye hadubini. Kloroplasti za seli, yaani sehemu zake za kunasia mwanga, zilionekana nyekundu iliyokoza, na ndani ya kila seli, pembeni, kulikuwa na matone mawili au matatu ya rangi ya dhahabu, duara kamili, yenye kingo kali. Niliinua kichwa, nikafuta lenzi kwa kuhofia kwamba ni uchafu, nikaangalia tena. Yalikuwa palepale.

P7 kwa umbo ni ya kundi la Chlorella, na zaidi ya hapo sitasema mpaka vipimo vya vinasaba vikamilike. Mafuta yake, kwenye joto la paa, yalikuwa zaidi kidogo ya moja ya tano ya uzito mkavu. Si rekodi. Ila kila mbegu ina tabia yake kwenye joto, na ndiyo maana idadi hiyo ilinifurahisha: Attilio Converti na wenzake nchini Italia walionyesha mwaka 2009 kwamba kupandisha joto kutoka nyuzi 20 hadi 25 kulikaribia kuongeza maradufu mafuta ya Nannochloropsis oculata, kutoka asilimia 7.90 hadi 14.92, ilhali kupandisha kutoka 25 hadi 30 kuliyashusha ya Chlorella vulgaris kutoka asilimia 14.71 hadi 5.90. Mwani unaoishi kwenye joto si lazima uwe mwani unaoweka mafuta kwenye joto. Wengi wanaotangaza kwamba wamepata mbegu ya jua hupima jambo la kwanza na kulisahau la pili.

Joto pia hubadilisha aina ya mafuta, na hapa bahati inaelekea upande wetu. Seli ikipata moto, utando wake hulegea, nayo huukaza kwa kutumia asidi za mafuta zilizoshiba zaidi. Bayodizeli yenye asidi zilizoshiba huwaka vizuri na haiozi upesi kwenye tangi, na inakwepa kwa urahisi zaidi kikomo cha viwango vya Ulaya kinachotaka asidi ya linoleniki, mojawapo ya zile zisizoshiba, isizidi asilimia 12. Kasoro yake ni kuganda mapema kwenye baridi. Kwa dereva wa Stockholm hilo ni tatizo la kila Januari. Kwa dereva wa Mbagala halipo kabisa, na kwa yule wa Makambako tunaweza kuzungumza.

Lakini niseme wazi kuhusu kiasi, kwa sababu mibono ilitufunza kuogopa watu wasiosema kuhusu kiasi. Ndoo ya lita 20 ya P7 ikikua vizuri ina kama gramu nusu ya mwani mkavu katika kila lita, yaani gramu 10 kwa ndoo. Moja ya tano ya hizo ni gramu 2 za mafuta, ambazo hazijai nusu ya kijiko cha chai. Tangi la daladala la lita 40 linataka kilo 35 hivi za bayodizeli, ambazo zinataka karibu kilo 35 za mafuta, ambazo zinataka kilo 175 za mwani mkavu, ambazo zinaelea ndani ya lita 350,000 za maji. Hizo ni boza 35 za lita 10,000, kwa tangi moja la daladala. Maji hayo yote yapaswa kutenganishwa na mwani, na mashine ya kuyazungusha kwa kasi ili mwani utuame hula umeme usio wa mchezo. Kampuni ya mafuta ya Exxon iliingia kwenye mwani mwaka 2009 kwa mbwembwe ya dola milioni 600 na kufikia mwaka 2023 ilikuwa imejitoa, na mtu akifanya hesabu ya ndoo hashangai.

Kinachonifanya niendelee ni kwamba maji hayo, katika mji wangu, tayari yapo na tayari ni ya kijani. Mabwawa ya majitaka, kama yale ya Vingunguti, hufanya kazi kwa sababu mwani humo huwapa bakteria oksijeni ya kuozesha uchafu. Naitrojeni na fosforasi hazinunuliwi, jua halikosekani, na mwani unaoota humo hutiririka na maji yanayotoka bila mtu kuuhesabu. Iwapo kuna mahali pa mafuta ya mwani kwetu, naamini ni hapo, kama pato la ziada la kazi ya kusafisha majitaka, wala si kwenye mirija ya kioo inayong'aa kwenye vipeperushi. Mbegu zangu zinazofuata zinatoka kwenye mifereji ya namna hiyo, zikiwa zimesafirishwa kwenye mfuko wa kawaida, bila barafu.

Fundi alikuja baada ya wiki mbili, si moja, na boya likabadilishwa. Dimbwi lilikauka kwa siku tatu na kubaki ganda la kijani kilichofifia, ambalo nililikwangua kwa kadi ya simu na kulitia kwenye bahasha. Miezi miwili baadaye nilitia kipande chake kwenye maji, na siku ya tano maji yakawa ya kijani.

Sikukuu iliyopita nilikwenda Jambiani nikiwa na chupa ndogo ya P7 ili nimwonyeshe shangazi. Aliishika dhidi ya jua, akaigeuza, akaitikisa, akainusa baada ya mimi kumkataza. Aliniuliza kama unaweza kuishi bamvua la mchana wakati maji ya ufukweni yanaunguza, nikamwambia hilo ndilo joto lake. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akauliza swali ambalo kila mkulima wa mwani huliuliza: kilo moja mkavu inauzwa shilingi ngapi?

Nikamwambia, shangazi, tangu nianze bado haujafika kilo.